Karantini ya Matroni

Kuku mgeni hachanganywi na wenyeji kabla ya kutimiza siku ishirini na moja za karantini, na anayemhudumia mgeni hawagusi wenyeji mpaka aoge na abadili nguo. Kanuni hiyo ilijulikana katika nyumba ile kama inavyojulikana njia ya kwenda kisimani. Haikuandikwa popote, kwa kuwa Matroni hakuona haja ya kuliandika jambo ambalo angeweza kulisema. Naye alikuwa amelisema kwa miaka tisa, tangu siku alipostaafu usimamizi wa wodi ya wazazi, akahamishia nidhamu yake yote kwenye ua wa nyuma, penye banda moja, mlimau mmoja na kuku tisa.

Mdogo wake aliijua kanuni hiyo vizuri. Alikuwa fundi saa, mjane wa miaka mingi, na aliishi katika chumba cha uani cha nyumba ya dada yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, wala hakuna aliyeuliza fundi wa nini, maana vidole vyake vilijieleza. Matroni alipomwona akiingia langoni alasiri ile, akisukuma mkokoteni wenye masanduku mawili ya mbao yaliyofunikwa magunia, alijua kabla ya kuuliza kwamba kanuni ilikuwa imekuja kujaribiwa.

"Ni nini hicho?"

"Kuku, dada."

Fundi alifunua gunia. Matroni akachungulia.

"Umesema kuku. Sasa nakuuliza tena, ni nini hicho?"

Swali halikuwa la dhihaka tupu. Ndani ya masanduku walikuwamo viumbe sita weupe, au waliowahi kuwa weupe. Shingo zimenyonyoka, vifua ni ngozi tupu nyekundu, kucha ndefu zimejikunja kama sindano za kushonea magunia. Mmoja wao hakuwa na unyoya hata mmoja kuanzia kichwani hadi mgongoni, na undu wake wa utosini ulikuwa umelala upande mmoja kama kofia ya mlevi.

"Wale wa shambani, kule nje ya mji," Fundi alisema. "Wa kwenye vizimba. Mayai yamepungua, tajiri anawatoa wote. Nimekuta wanapakiwa kwenye lori."

"Lori likakosa nafasi."

"Halikukosa. Niliomba sita."

"Kwa nini sita?"

"Masanduku yalikuwa mawili."

Matroni alivuta pumzi ndefu kupitia puani, kama alivyokuwa akifanya zamani mwanafunzi wa uuguzi alipomletea kipimajoto kilichovunjika.

"Dada, nisikilize," Fundi aliendelea, akishusha sauti. "Ile saa ya taa, kule mabandani, mimi ndiye niliyekuwa naitengeneza. Miaka minne. Inawasha saa kumi alfajiri, inazima saa mbili usiku. Hawa hawajawahi kuona jua. Mchana wao wote niliupima mimi kwa bisibisi. Leo nikiwaangalia wanatupwa kwenye lori kama maboga, nilale vipi?"

"Ungelala chali, kama watu wengine."

Lakini hakusema warudishwe. Badala yake alitoa masharti, na aliyatoa kwa sauti ile iliyowahi kuwanyamazisha madaktari. Wageni wangekaa katika stoo ya zamani ya kuni, mwisho wa ua, penye kiuga kidogo kilichozungushiwa waya. Fundi angewahudumia peke yake, na Matroni angewahudumia wenyeji peke yake. Mlangoni pangekaa ndoo ya maji ya dawa. Na endapo mwenyeji hata mmoja angeugua kabla ya siku kutimia, mchuuzi wa kuku angeitwa, na wageni wangeondoka na tenga lake.

"Hata akikohoa tu?" Fundi aliuliza.

"Hata akikohoa tu."

"Na mimi nikikohoa?"

"Wewe nitakuitia daktari. Usinichanganyie mambo."

Wahenga walisema kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Wahenga hawakuwaona kuku hawa. Asubuhi ya kwanza Fundi alipowafungulia mlango wa stoo, walisimama kizingitini wote sita, wakautazama udongo kama watu wanaotazama mto uliofurika. Mmoja aliweka mguu, akaurudisha. Nyungunyungu alipojitokeza, walikimbilia ndani wakikanyagana. Kutoka upande wa pili wa ua, Matroni, akiwa na kapu lake la mayai mkononi, alimwona mdogo wake, mtu mzima wa miaka sitini na miwili, akipiga magoti katikati ya kiuga na kuchakura ardhi kwa vidole kumi huku akitoa sauti za kuku.

"Mheshimiwa," Matroni aliita, "jirani wanachungulia."

"Waache wajifunze na wao."

Jioni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Giza lilipoanza kushuka, wenyeji tisa waliingia bandani mwao kwa utaratibu wa cheo, wakitanguliwa na yule kuku mweusi mwenye madoa aliyepewa jina la Mkuu wa Zamu. Wageni hawakujua jioni ni kitu gani. Walijipanga upande uliotazama dirisha la jikoni, mahali ambapo mwanga wa balbu ulipenya waya na kuangukia kiugani, wakasimama humo kama abiria wanaosubiri kitu, na hawakuondoka mpaka Fundi alipowabeba mmoja mmoja. Alipowapandisha kwenye fito za kulalia, hawakujua kushika. Walining'inia kidogo, kisha wakaanguka mmoja baada ya mwingine kama nguo zilizoanikwa bila vibanio.

"Taa ya jikoni izimwe mapema," Fundi alisema.

"Na mimi nipike kwa kupapasa, kwa sababu ya kuku wako."

Aliizima, hata hivyo, na kwa wiki nzima alikuwa akikwaruza masufuria gizani na kunung'unika. Nyumba yenye utaratibu ilikuwa imegeuka shule ya watoto wakaidi, na mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto mkaidi kuliko wote.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Fundi akiwa amekwenda kwenye kibanda chake cha kazi, Matroni alipita karibu na stoo akienda kuanika nguo. Mtu aliyesikiliza pumzi za watu kwa miaka thelathini na minane hawezi kuyafunga masikio yake kwa kuwa tu amestaafu. Alisikia pumzi isiyo sawa. Alisimama. Akajiambia kwamba hilo halikuwa jukumu lake, akapiga hatua mbili, akarudi.

Yule asiye na manyoya alikuwa amelala pembeni, mabawa yamelegea, ilhali wenzake watano wamezunguka chombo cha maji na kumzuia kwa midomo kila alipojikokota. Matroni aliingia. Alichovya miguu yake katika ndoo ya dawa, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akamwinua kuku yule, akamweka kwenye mfuko mkubwa wa mbele wa aproni yake, na akamdondoshea mdomoni maji yenye sukari na chembe ya chumvi, tone baada ya tone, mpaka macho yakafunguka.

Hakuhesabu jambo hilo kuwa huduma. Aliliita ukaguzi. Mkaguzi anaruhusiwa kuingia popote. Kesho yake alikagua tena, na kesho kutwa, kila siku saa nne, dakika kumi tu, na kwa kuwa alikuwa na maadili hakumpa yule kuku jina. Alimwita Kitanda Namba Nne, kwa sababu alilala kwenye kona ya nne. Baada ya kila ukaguzi alinawa mikono hadi viwikoni, mara mbili, kwa sabuni na brashi ya kucha. Kisha aliitundika aproni kwenye msumari wa jikoni, na saa sita aliichukua tena msumarini, akaivaa, akaenda kuokota mayai ya wenyeji.

Msomaji mwenye akili amekwisha kuona kosa. Matroni hakuliona, na sababu yake ilikuwa ya miaka mingi. Katika wodi aliyoisimamia, aproni safi ilikuwa ikimngoja msumarini kila alipoihitaji. Kulikuwa na dobi aliyepita na kigari kabla Matroni hajafika, akaondoa chafu na kuweka safi, na katika miaka thelathini na minane Matroni hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Kwa hiyo kichwani mwake, kitu kilichotundikwa msumarini kilikuwa safi. Mikono ndiyo iliyokuwa ikichafuka.

Siku ya kumi na tatu alirudi kutoka bandani na mayai mawili, ilhali juzi yake yalikuwa saba. Wenyeji walikuwa wakijikuna na kujidonoa bila kupumzika. Mkuu wa Zamu, aliyekuwa na undu mwekundu kama pilipili, alikuwa amepauka, na manyoya ya nyuma yake yamegandamana kwa uchafu usiojulikana. Matroni alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda mfupi. Halafu akampigia simu bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa kijana mrefu mwenye buti za mpira, na alikuja na heshima zote, kwani mama yake hakuacha kumkumbusha ni mikono ya nani iliyompokea duniani.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Ulizaliwa na kilo mbili na nusu, sikudhani utafikia dari. Mwangalie huyu."

Kijana aliyatenganisha manyoya ya Mkuu wa Zamu kwa vidole viwili, akasogea kwenye mwanga.

"Utitiri, Matroni. Umejaa. Ona wadudu wanavyotembea. Mna kuku wapya?"

"Muulize fundi saa."

Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kofia mkononi, aliwaongoza hadi stoo. Bwana mifugo aliwakagua wageni wote sita. Wote walikuwa na utitiri. Walikuja nao kutoka vizimbani, kama mkimbizi anavyokuja na vumbi la kwao.

"Ila huyu mwenye kipara," kijana alisema, akimwinua Kitanda Namba Nne, "huyu ana nguvu kuliko wenzake. Amenenepa. Mnamlisha nini?"

"Mimi nawalisha sawasawa," Fundi alisema kwa mshangao. "Tena huyo nilidhani hatafika Jumapili."

Matroni alikuwa akiutazama mlimau kwa makini, kana kwamba hajawahi kuuona.

"Sasa huko bandani umefikaje?" bwana mifugo aliuliza. "Kuku hawajagusana, na utitiri hauruki. Unabebwa. Panya, au nguo."

"Nguo," Matroni alisema, akamgeukia mdogo wake. "Umesikia? Nguo."

"Dada, ovaroli yangu haitoki stoo. Naivulia mlangoni. Naoga asubuhi, naoga jioni, siku kumi na tatu sasa. Ngozi inataka kunihama."

"Wewe ambaye kijiko cha chai unakisahau kwenye mfuko wa koti ndiye utakayekumbuka ovaroli?"

"Kijiko ni kijiko. Kwa hawa nilikumbuka."

"Tulikubaliana nini?"

Fundi aligeuza kofia yake mara moja, akaigeuza tena. "Tulikubaliana."

Mchuuzi wa kuku aliitwa aje kesho, saa nne.

Alikuja kwa wakati, baiskeli yake imefungwa tenga kubwa nyuma, akaiegemeza langoni na kusubiri. Matroni alitarajia kumkuta mdogo wake akilalamika au amejificha. Alimkuta barazani, ameketi mbele ya meza, ametandika kitambaa cheupe kama afanyavyo kazini, na juu yake amepanga ovaroli, buti, taulo na soksi. Jichoni amebana ile lenzi ndogo nyeusi ya mafundi saa, na alikuwa akipita juu ya mshono wa ovaroli taratibu, sentimita baada ya sentimita.

"Unafanya nini? Mtu amefika."

"Nimemwona. Nikimkuta mdudu mmoja hapa, nawafunga kamba mwenyewe, namkabidhi. Nipe robo saa."

Mchuuzi akasema kutoka langoni kwamba yeye hana haraka, ila jua ndilo lenye haraka. Walingoja. Fundi alimaliza mshono wa mwisho, akageuza buti, akachunguza kisigino, akaiweka chini. Hakukuwa na kitu. Aliondoa lenzi jichoni, na duara jekundu likabaki usoni pake. Hakuwa na ushindi wowote usoni. Alionekana tu kama fundi ambaye saa imekataa kumweleza ugonjwa wake.

"Dada," alisema, "wewe huingii stoo, sivyo?"

Aliuliza bila hila, kama mtu anayehesabu skrubu ili ajue ipi imepotea. Na katika mtaa mzima hapakuwa na mtu ambaye angethubutu kutilia shaka jibu la Matroni. Neno moja tu lingetosha, na tenga lingejaa.

Matroni alisimama wima.

"Naingia," alisema.

Fundi alimtazama.

"Lini?"

"Saa nne. Kila siku. Tangu siku ya sita."

"Kufanya nini?"

"Ukaguzi."

"Wa yule mwenye kipara."

Matroni aliinua mikono yake yote miwili. "Nilinawa mikono," alisema. "Hadi viwikoni. Mara mbili."

"Sijauliza mikono, dada. Ulivaa nini?"

Ndipo Matroni alipoinamisha macho na kuitazama aproni aliyokuwa ameivaa wakati ule ule. Kwenye pindo la mfuko palikuwa na kinyoya kimoja cheupe, kidogo kama kope. Alifungua fundo mgongoni, akaivua, akaiweka juu ya kitambaa. Fundi alibana lenzi, akainama juu ya mfuko. Hakukaa muda mrefu. Aliiondoa lenzi, akaipangusa kwa shati lake, akamkabidhi dada yake.

Matroni alitazama. Walikuwamo, wekundu na weusi, wakitembea juu ya mshono kwa raha zao, kama ndugu wa mgonjwa walioingia wodini nje ya saa za kuona wagonjwa na wasiojali kengele.

"Sasa mama," mchuuzi aliita, "nichukue wale weupe au nichukue wepi?"

"Huchukui kitu. Njoo ukae unywe chai. Umeitwa bure, na aliyekuita ndiye mwenye kosa."

Mchuuzi alikunywa chai, vikombe viwili, akaondoka na tenga tupu na kicheko alichokizuia mpaka alipofika kona. Fundi alianza kukunja ovaroli yake.

"Basi yameisha, dada. Tutawapaka dawa wote, tutaosha banda."

"Hayajaisha. Kaa." Matroni alibaki amesimama. "Kulikuwa na muuguzi mmoja. Binti mzuri, mchapakazi. Alitoka chumba cha kutengea wagonjwa, akaingia wodini na nguo zile zile, kwa sababu alisikia mtoto analia. Nilimsimamisha kazi siku ishirini na moja. Alilia mbele yangu, na mimi nikamwambia huruma isiyobadili nguo ni ugonjwa." Akatoa ufunguo wa banda uliokuwa umefungwa kwa uzi shingoni mwake. "Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Kuanzia sasa siingii bandani wala stoo. Siwagusi kuku, wako wala wangu. Siku ishirini na moja."

Fundi aliupokea ufunguo kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Alifikiri kidogo.

"Na kuamuru?"

"Kuamuru nini?"

"Aliyesimamishwa kazi, dada, huwa anaamuru?"

Jambo hilo Matroni hakuwa amelifikiria, na kama angelifikiria asingelitaja. Lakini lilikuwa la haki.

"Wala kuamuru," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kuosha banda kwa mikono ya mtu mwingine ni adhabu ambayo mahakama nyingi zingeiona kali. Matroni aliketi kwenye benchi la baraza na kumwona mdogo wake akianza kufagia kutoka mlangoni kwenda ndani, hivi kwamba taka zote zilirundikana kwenye ukuta wa nyuma, ambako ilimbidi azivute tena kuelekea mlangoni. Alimwona akiwapaka kuku dawa ya unga akiwa amesimama upande ambao upepo ulimrudishia nusu yake usoni. Alimwona akiweka beseni la majivu ya kuogea kuku mahali ambapo mtoto mdogo angejua kwamba mvua itanyesha.

"Wewe mlimau," Matroni alisema kwa sauti ya wastani, "mwenye akili huanza kufagia kutoka ndani."

Fundi aliinua kichwa cheupe kwa unga. "Dada, umeamuru?"

"Nazungumza na mlimau."

"Mlimau umejibuje?"

"Umesema ukoo wetu uliharibikia kwako."

Siku tatu mlimau ulipokea mawaidha mengi. Siku ya nne Matroni alikaa akilitafakari jambo hilo, na akakiri moyoni kwamba kumpitishia mtu amri kwenye mti ni kuamuru kwa mdomo wa kuazima. Kuanzia hapo aliunyamazia hata mlimau, na siku zikawa ndefu.

Baada ya siku kumi bwana mifugo alirudi, akasimamia dozi ya pili. Alisema kwamba kwa kuwa wote wameugua ugonjwa mmoja na kupona pamoja, hapakuwa na maana ya kuendelea kuwatenga. Fundi aliwaruhusu waonane kupitia waya siku tatu, kisha asubuhi moja akafungua kilango.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na asiyefungwa kamba hufungwa kwa midomo ya wenyeji. Wageni watano walipigwa kidogo, wakainamisha vichwa, wakaachwa. Mkuu wa Zamu, ambaye undu wake ulikuwa umerudia wekundu, aliwapita wote hao bila kuwajali, akaenda moja kwa moja kwa Kitanda Namba Nne. Pengine ilikuwa ile ngozi tupu iliyomchukiza. Alimdonoa mgongoni, akamdonoa tena mahali pale pale, akampandia. Na kwa kuwa kuku yule alikulia kizimbani, hakujua kukimbia. Alijikunyata tu, kama aliyekuwa akingoja ukuta. Damu ilitoka.

Matroni alikuwa amesimama bila kujua alisimama saa ngapi. Alifika ukingoni mwa baraza, akashika nguzo. Fundi alikimbia, akamnyakua Kitanda Namba Nne, akaanza kwenda naye stoo.

Hilo lilikuwa kosa. Matroni alilijua kama anavyojua jina lake. Anayepigwa akiondolewa, atarudi kesho akiwa mgeni upya, naye atapigwa upya, mpaka afe. Maneno yalikuwa mdomoni mwake yamepangwa tayari, maneno matano tu. Mlimau ulikuwa palepale, hatua sita mbele yake. Aliibana nguzo mpaka rangi kavu ikabanduka chini ya kucha zake, na hakusema.

Fundi alifika mlangoni mwa stoo, akasita. Alimtazama kuku aliyekuwa mikononi mwake, akageuka, akawatazama wale waliobaki. Alikuwa na sura ile ile aliyokuwa nayo mbele ya saa iliyosimama, alipokuwa akiamua kama ugonjwa uko kwenye gurudumu linalogoma au kwenye lile linaloligomesha. Alirudi polepole, akamweka Kitanda Namba Nne chini, katikati ya wenzake. Kisha akamfukuzia Mkuu wa Zamu, akamkamata kwenye kona, na huyo ndiye aliyekwenda kumfungia stoo.

Alipopita karibu na baraza, amemkumbatia yule kuku mweusi aliyekuwa akipiga kelele za mheshimiwa aliyedhalilishwa, Fundi hakusema kitu. Matroni alimshukuru moyoni, maana palikuwa na jambo la kusemwa kuhusu wakuu wanaosimamishwa kazi, na wote wawili waliliona.

Mkuu wa Zamu alikaa stoo siku nne. Aliporudi alikuta fito zimeshushwa chini ili wageni waweze kupanda, na mahali pake pa ukutani pamekaliwa. Aligombana jioni ile na kesho yake, akapata nafasi ya tatu, akaikubali. Kitanda Namba Nne alikuwa ameanza kuota manyoya, magumu na mafupi kama mabua yaliyokatwa, akaonekana kama nungunungu. Alijigaragaza kwenye majivu, na jioni aliingia ndani pamoja na wengine bila kubebwa. Hayo yote Matroni aliyaona kutoka kwenye benchi. Alimwona pia mdogo wake akikosea mambo mengine kumi na manne, ambayo aliyahesabu.

Siku ya ishirini na moja alikuwa kwenye benchi tangu alfajiri, amevaa aproni aliyoifua mwenyewe, akaianika juani, akaipiga pasi pande zote mbili. Fundi alitoka chumbani mwake akiwa na ufunguo.

"Haya dada, chukua. Nimechoka na kazi yako."

"Saa ngapi?"

Alitazama saa yake. "Saa nne na dakika kumi."

"Bado ishirini."

"Dakika ishirini nakusamehe."

"Yule binti sikumsamehe hata moja. Kaa chini."

Fundi aliketi. Waliketi bega kwa bega, ufunguo kati yao juu ya benchi, wakitazama ua. Chombo cha maji kilikuwa juani. Mlango wa viota ulikuwa umeachwa wazi. Mtu fulani alikuwa amesahau koleo juu ya paa la banda. Matroni aliviona vyote vitatu, akaikunja mikono yake juu ya aproni, na akanyamaza. Kuku kumi na watano walikuwa wakichakura chini ya mlimau, weupe na weusi, wakirushiana udongo.

Fundi alishika saa yake kwenye kiganja, akaifuata mishale mpaka mwisho.

"Imetimu," alisema.

Matroni alinyosha mkono, akauchukua ufunguo, akauvaa shingoni. Akasimama, akashuka kipandio cha kwanza.

"Chombo cha maji," alisema, "kiko juani tangu saa mbili."